Wakuu, huyu jamaa wa South of I-10 anapiga gitaa peke yake au wako wawili?

#1 DerevaWaMasafa
Wakuu, habari za wikiendi. Mimi ni dereva wa lori, navuta makontena Houston kwenda New Orleans na kurudi. Barabara ni hiyohiyo moja, I-10, mwaka wa nne huu. Juzi nikisubiri kushusha mzigo pale Lafayette, mzee mmoja wa bohari akanipa sidii, akasema nimepita kwao miaka yote hii bila kuwasikia.

Ni albamu ya Sonny Landreth, South of I-10, ya 1995. Yaani Kusini mwa I-10, barabara yangu mimi! Kuna kipande kinaitwa Native Stepson, hakina maneno hata moja. Gitaa moja linateleza juu linalia kama mtu, na chini yake lingine linajibu kwa kodi kamili, yaani nota kadhaa kwa pamoja. Kabla ya kupanda ndege nilipiga rithimu kwenye bendi ya mtaani Tanga, kwa hiyo gitaa silijui kwa kuhadithiwa. Dai langu: wako wawili, ila kwenye kava wamempa sifa mmoja. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kimbunga_Jr
Siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 NyuziSita
Mkuu, ni mmoja. Landreth anavaa kichupa cha kioo, kile cha kutelezesha juu ya nyuzi, kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Wapigaji wengi wa mtindo huu wakishavaa kichupa, vidole vingine vinaenda likizo, vinalala tu juu ya nyuzi kuzizuia kelele. Yeye vile vitatu vilivyobaki anavitia kazini, anabana nyuzi NYUMA ya kichupa, upande wa kichwa cha gitaa.

Kama una gitaa hapo, jaribu. Tyuni nyuzi ziwe E, B, E, G#, B, E. Laza kichupa juu ya freti ya 12 (kile chuma cha 12 kwenye shingo ya gitaa), piga zote, unapata E meja, kodi ya furaha. Sasa bila kuondoa kichupa, bana uzi wa tatu (hesabu kuanzia ule mwembamba) kwenye freti ya 11. Uzi huo unazama, unaachana na kioo, na sauti yake inashuka nusu toni, G# inakuwa G. Nyingine bado zimeegemea kioo. Umeshatoka meja ukaingia maina, ile ya huzuni, na mkono haujahama. Fanya hivyo kwa kasi, nyuzi tofauti, freti tofauti, ndiyo hiyo unayosikia kama mtu wa pili.

#4 DerevaWaMasafa
Mkuu NyuziSita, hiyo ya E maina nimeielewa. Lakini mimi nasikia mpaka mgongano, kama mtu anadonoa waya huku mwingine anaburuza. Kichupa kimoja kinafanyaje hayo?

#5 FundiSpika
Studio jamani. 1995 kulikuwa na nyimbo ngapi zisizopandishiwa gitaa la pili? Nimefanya kazi studio miaka kumi na moja, msanii mmoja anaweza kupiga mara nne na wewe nyumbani ukasema bendi imekamilika. Tena kwenye albamu hiyo wamo wageni, mpiga gitaa Mark Knopfler yumo, Allen Toussaint yumo kwenye kinanda. Gitaa la pili unalolisikia huenda ni la mgeni.

#6 NyuziSita
#5 mgeni yumo, lakini si kila wimbo. Na hoja ya studio inajibika: tafuta albamu yake ya jukwaani, Grant Street, ya 2005, waliirekodi kwenye ukumbi wa dansi hukohuko Lafayette. Wako watatu tu. Gitaa, besi, ngoma. Kipande cha kwanza ni Native Stepson hiyohiyo. Mtu wa pili yuko wapi?

Dereva, mgongano unaosikia ni mkono wa kulia. Anadonoa, anapiga nyuzi kwa kiganja, anazigusa juu ya kichupa zitoe zile sauti za kengele. Mkono wa kulia ndio unaofanya nusu ya kazi.

#7 Kimbunga_Jr
FundiSpika amekaliwa. Tunasubiri rufaa.

#8 FundiSpika
Rufaa ipo. Jukwaani sikatai. Mleta uzi kauliza kuhusu albamu ya 1995, hakuuliza jukwaa. Mnanijibu swali jingine.

#9 MamaWaMwea
Mimi sijui gitaa. Nauliza hilo la kusini mwa barabara. Kusini kuna nini mpaka albamu iitwe hivyo?

#10 DerevaWaMasafa
#9 dada, maji. Ukitoka Lafayette kwenda Baton Rouge kuna daraja juu ya bonde la Atchafalaya, kilometa 29. Daraja letu la Busisi la kilometa tatu na kitu unalijumlisha mara tisa hivi. Malori tunawekwa njia ya kulia, maili 55 kwa saa, kamera zinakuangalia. Miti imesimama ndani ya maji kushoto na kulia. Watu wa huko wanasema ukishuka kusini ya barabara ndiyo unaingia kwao hasa: Kifaransa chao, kodiani, wali, kamba wa mtoni. Kaskazini ni Marekani ya kawaida tu. Hivyo ndivyo alivyonieleza mzee wa bohari, nami nampokea kama alivyo.

#11 Chuma_cha_Pua
Kwa kuongezea, Cajun ni muziki wa watu weusi wa Louisiana wanaoongea Kifaransa. Ndiyo maana unafanana na wetu.

#12 MzeeWaSanturi
Chuma, hapana. Cajun ni Wafaransa waliokaa Acadia, Kanada ya leo, upande wa Nova Scotia. Waingereza wakaanza kuwafukuza 1755, wakatawanywa kwa meli, na wengi wakaishia Louisiana kuanzia miaka ya 1760. Jina lenyewe ni Acadien lililoliwa ulimini mpaka likabaki Cajun. Muziki wao ni fidla, na baadaye kodiani ndogo ya vifungo kumi, na pembetatu ya chuma waliyokuwa wakiifua kwa meno ya reki ya majani makavu.

Weusi wanaoongea Kifaransa ni Wakrioli, na muziki wao uliokuja kuvuma ni zydeco. Mfalme wake ni Clifton Chenier wa Opelousas, kodiani ya vitufe vya piano, na kaka yake Cleveland akivaa bati la mikunjo kifuani, analikwaruza kwa vifungulia chupa. Clifton alipata Grammy 1984.

Sasa Landreth, mzungu aliyezaliwa Canton, Mississippi, 1951 na kulelewa Lafayette, alipiga gitaa kwenye bendi ya Chenier. Inasemwa ndiye mzungu wa kwanza humo. Ukitaka kujua gitaa lake limesomea wapi, anzia hapo.

#13 BintiKilindini
Shikamoo mzee wa santuri. Uzi ukikufikia unatulia.

Ila hiyo mipaka ya Cajun kwa weupe na zydeco kwa weusi ni ya maduka ya santuri. Amédé Ardoin alikuwa Mkrioli mweusi, alirekodi 1929 akiwa na mpiga fidla mzungu, Dennis McGee, na nyimbo za kodiani wanazopiga Cajun weupe mpaka leo nyingi zinatoka kwake. Husimuliwa kwamba alipigwa vibaya na wazungu baada ya binti wa kizungu kumpa leso ajifute jasho kwenye dansi. Alifia hospitali ya Pineville mwaka 1942. Kwa hiyo Chuma hakukosea yote. Amekosea jina, asili ameigusa.

#14 MzeeWaSanturi
Marahaba binti. Nimekubali, umenirekebisha vizuri.

#15 Chuma_cha_Pua
Asante dada. Nilianza kuona aibu.

#16 KodianiYaGuka
Ngoja niseme kitu mtacheka. Mimi ni wa Nyeri. Guka (babu) wangu alipiga mwomboko, kodiani yake iko kwetu mpaka leo, mifuko imeliwa na panya. Mwenzake alipiga karing'aring'a, ile pete ya chuma unayoigonga kwa kijiti cha chuma. Dansi lenyewe wazee wanashikana wawiliwawili, hatua mbili kisha unainama. Dereva aliposema kodiani, na mzee wa santuri akataja pembetatu, nikaenda kusikiliza wimbo wa Cajun Waltz kwenye albamu hiyohiyo. Nikamwekea mama yangu bila kumwambia ni nini. Akauliza ni mwomboko wa nani huo umepigwa na gitaa la kulewa.

#17 Kimbunga_Jr
GITAA LA KULEWA. Uzi ufungwe, mama ameshamaliza.

#18 NyuziSita
Mama ameona kitu. Kodiani haikati sauti, inavuta pumzi na kuisukuma. Kichupa nacho hakikati, kinapita kati ya nota. Mtu aliyepiga kwenye bendi yenye kodiani ya Chenier lazima ajifunze kujaza mapengo bila kumkanyaga mwenye kodiani. Mimi naamini kile anachofanya nyuma ya kichupa ni mkono wa kushoto wa kodiani, zile kodi za besi. Ndiyo huyo mtu wako wa pili, dereva.

#19 TarumbetaLaShule
Kuna jingine hamjalitaja. Landreth alianza na tarumbeta shuleni. Mpiga tarumbeta anafikiri kwa pumzi, sentensi inaisha pale hewa inapoisha. Sikiliza anavyotulia katikati ya mistari. Nimepiga tarumbeta bendi ya shule miaka minne na ile tabia haitoki, hata kwenye keyboard napiga kama mtu anayetafuta hewa. Kodiani sioni. Naona tarumbeta.

#20 FundiSpika
Kwa hiyo mpaka sasa mtu wa pili ni kodiani, ni tarumbeta, au ni kidole. Na mimi niliyesema ni studio ndiye mnayenicheka.

#21 MtotoWaLikasi
Bonjour wote. Mie niko Lubumbashi. Huyu Landreth ana wimbo anaita Congo Square, John Mayall, yule Mwingereza wa bluzi, naye aliurekodi 1990. Congo! Basi muziki ni wa kwetu, mutulipe.

#22 BintiKilindini
Likasi, pole pole. Congo Square ni uwanja New Orleans, leo uko ndani ya bustani iliyopewa jina la Louis Armstrong. Watumwa waliruhusiwa kukusanyika pale Jumapili, kupiga ngoma na kucheza. Mwaka 1817 jiji likapitisha amri wakutane sehemu moja tu. Wengi walitoka ufalme wa Kongo na majirani zake, pwani ya Atlantiki. Wengine Senegambia. Katanga yenu iko mbali na hapo kuliko Mombasa ilivyo mbali na Lubumbashi, nadhani. Bili ipelekeni Matadi, upande huo wa pwani.

#23 MtotoWaLikasi
Dada, hiyo ya Katanga na Mombasa umbali unakaribiana tu, fungua ramani. Lakini ya Matadi nakubali. Tutagawana.

Na gitaa la kuteleza mie nasema ni letu Afrika. Watoto wanafunga uzi mmoja kwa kijiti ao ubao, mmoja anapiga, mwingine anateleza kitu juu. Kule Mississippi wanapigilia waya ukutani kwa misumari, wanaweka chupa chini yake, wanateleza na chupa ingine. Ni kitu kimoja.

#24 MzeeWaSanturi
Hapo kuna kesi ya zamani. Upande wa pili wanasema Hawaii. Joseph Kekuku, mwanafunzi kule, ndiye anayetajwa kuanza kutelezesha chuma juu ya gitaa mwishoni mwa miaka ya 1880, na baada ya maonyesho ya San Francisco ya 1915 Marekani nzima iliingiwa na wazimu wa gitaa la Hawaii. Santuri ya kwanza ya mweusi anayetelezesha gitaa ni ya Sylvester Weaver, 1923. Yaani baada ya wazimu huo.

#25 NyuziSita
Mzee, lakini W.C. Handy, mtunzi wa bluzi, anasimulia alimkuta mtu mweusi anatelezesha kisu kwenye gitaa stesheni ya Tutwiler, Mississippi, takriban 1903. Huo wazimu wa 1915 ulikuwa bado.

#26 MzeeWaSanturi
Handy aliyaandika hayo mwaka 1941, akiwa mtu mzima wa miaka sitini na ushee, na yeye mwenyewe alilinganisha mtindo ule na wa wapigaji wa Hawaii. Kumbukumbu ya miaka karibu arobaini unaipa uzito gani? Mimi jana nimesahau miwani ilipo, nimeivaa.

#27 Kimbunga_Jr
😂😂 mzee

#28 MpenziWaMali
Mnazunguka. Bluzi ni Mali. Ali Farka Touré wa Mali na Mmarekani Ry Cooder, 1994, gitaa la kuteleza limo mle ndani. Kesi imefungwa.

#29 BintiKilindini
Ilikuwa lazima mmoja aje na Mali. Tulikuwa tumechelewa.

#30 MamaWaMwea
Narudi kwa swali langu la kusini. Hao kamba wa mtoni ni wale wekundu wenye makoleo? Maana Naivasha wako, na nimewahi kusikia walitoka Marekani.

#31 DerevaWaMasafa
Ndio haohao dada. Breaux Bridge, mji ulio karibu na Lafayette, wanajiita makao makuu ya huyo kamba duniani. Wanamfuga kwenye mashamba ya mpunga, mpunga ukishavunwa maji yanarudishwa, kamba wanatoka kwenye mashimo.

#32 KodianiYaGuka
Naivasha waliingizwa 1970. Asili ni kusini mwa Marekani. Kwa hiyo tumepokea kamba wao, kodiani tulikuwa nayo, bado gitaa tu.

#33 MamaWaMwea
Kwenye mpunga?? Hapa Mwea wakija watanichimbia kingo zote za jaruba. Msiniletee.

#34 Sauti_ya_Kambo
Mada imeenda kuvua, ngoja niirudishe. Mmetaja Native Stepson bila kuligusa jina lake. Mwana wa kambo, lakini wa hapahapa. Jamaa alizaliwa Mississippi, nchi ya bluzi, akahamia Louisiana mtoto. Louisiana ni mama wa kambo. Ndivyo ninavyolisoma mimi, yeye simsemei. Kwenye albamu hiyo kuna Mojo Boogie ya J.B. Lenoir, bluzi mtupu, na kuna Cajun Waltz na C'est Chaud, Kifaransa mpaka kwenye jina. Nyumba mbili. Gitaa mbili anazosikia dereva labda ni hizo.

#35 FundiSpika
Sasa mmehamia kwenye ushairi. Mimi naongelea mkanda.

#36 TarumbetaLaShule
#34 nzuri, ila rock imo nyingi pia. Ngoma za albamu hiyo si za kijijini, ni za stadio. Nisingempa rafiki yangu anayetaka kusikia Cajun. Huyo ningempa Joe Falcon na Cléoma Breaux wa 1928, santuri ya kwanza ya Cajun.

#37 Sauti_ya_Kambo
Sawa, lakini umpe na paracetamol. Ile kodiani ya 1928 inapiga kelele.

#38 MwalimuMstaafu_Kitale
Hamjambo vijana. Mimi nilivutwa na hilo la Kifaransa kuliwa. Nimesoma kwamba katiba ya Louisiana ya 1921 ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na watoto wa Cajun walipigwa shuleni kwa kuongea lugha ya mama, au wakaandikishwa mistari mia kwamba hawatarudia. Shule niliyosoma, nisiyoitaja, tulivishwa disiki. Kipande cha ubao chenye kamba, unavaa shingoni mpaka umkamate mwingine anayeongea kikwetu umpe. Aliyelala nayo alichapwa asubuhi. Nililala nayo mara moja, nikaificha chini ya unga wa mahindi jikoni kwa nyanya. Nyanya akaikuta akaikokea moto. Sikuwahi kuchapwa vile tena.

Ninachosema ni hiki: ukinyang'anywa maneno kinabaki chombo. Labda ndiyo maana Native Stepson haina maneno.

#39 BintiKilindini
Mwalimu, shikamoo. Nyanya nimempenda.

#40 NyuziSita
Shikamoo mwalimu. Simulizi imenishika, ila hapo mwisho napinga kwa heshima. Landreth anaimba kwa Kiingereza nyimbo nyingi za albamu hiyo. Kipande kisicho na maneno kila mpiga gitaa anacho.

#41 MwalimuMstaafu_Kitale
Marahaba. Nimesema labda.

#42 Chuma_cha_Pua
Na zydeco ni nini kwa Kiswahili?

#43 MzeeWaSanturi
Wengi wanasema inatoka les haricots, maharage. Kuna msemo wao wa Kifaransa kwamba maharage hayana chumvi, yaani hali ni ngumu hata nyama ya chumvi ya kutia chunguni hakuna. Wengine wanasema neno lina mizizi ya lugha za Afrika Magharibi. Chagua.

#44 Kimbunga_Jr
Muziki wa maharage bila chumvi. Mimi tarehe 25 za mwezi naupiga bila gitaa.

#45 DerevaWaMasafa
Wakuu, asanteni, sikutegemea kurasa zote hizi. Nimefanya alichosema NyuziSita. Nina gitaa la bei chee nyuma ya kiti. Kichupa sina, nikatumia soketi ya spana, namba 19, inakaa kidole cha mwisho vizuri lakini nzito. Freti ya 12, zote, sawa, meja. Nikabana wa tatu kwenye 11. Mara ya kwanza kelele ya bati tupu. Mara ya kumi hivi ikashuka, maina, safi kabisa, nikajikuta nacheka peke yangu kwenye kibanda cha lori. Mara ya kumi na moja uzi ukakatika.

#46 NyuziSita
Nyuzi zako nyembamba, na soketi unaikandamiza. Kichupa kinagusa tu, hakibani. Weka nene, mwambie fundi azinyanyue kidogo kutoka kwenye mbao. Na tafuta kioo.

#47 FundiSpika
Umepata maina moja kwa majaribio kumi. Sasa fanya wimbo mzima kwa kasi ile, halafu uje uniambie hakuna aliyepandishia.

#48 DerevaWaMasafa
FundiSpika, niko Baton Rouge nasubiri foleni ya kushusha. Nimeweka ile ya jukwaani ya 2005, nimeisikiliza mara mbili, nimehesabu vyombo kwa vidole. Ni watatu, nakubali. Nikarudisha ya 1995.

Bado nasikia watu wawili.

#49 Kimbunga_Jr
Ukurasa wa pili twendeni.